Fundi Jepkemei na Upepo wa Ndani ya Ukuta

Mimi ni mwashi, na kama kuna mtu ambaye mwashi huzaliwa akimchukia, ni fundi wa mabomba. Wewe unapiga plasta, unailainisha kwa mwiko mpaka mkono wenyewe unaona raha kuigusa, halafu anakuja mwenzako na patasi: "Pole boss, kuna paipu moja nilisahau." Nimegombana na mafundi wa mabomba mji mzima wa Nakuru, kutoka majumba ya Milimani hadi ploti za Kaptembwo, na sijutii hata ugomvi mmoja. Basi siku Jepkemei alipoingia kwenye mjengo wetu na kuanza kuchora mistari ya chaki juu ya mawe yangu, nilishuka kutoka kwenye mbao nikiwa nimeshayapanga maneno.

"Madam, hiyo ni ukuta ama ubao ya shule?"

Hakugeuka. "Ni njia ya upepo, mzee. Ukipiga plasta kabla nilaze paipu zangu, itabidi tuivunje. Na mimi sipendi kuvunja kazi ya mtu. Kwa hivyo wewe ndio utachagua vile tutaishi hapa."

Nilikasirika, lakini nusu tu. Katika miaka yangu yote ya mjengo, hakuna fundi wa mabomba aliyewahi kunijia kabla ya plasta. Wote huja baada. Nikamwambia naitwa Owino, akaniambia anaitwa Jepkemei, na hapo hapo akanipa upande mmoja wa tepu ya kupimia nimshikie, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekuja kuomba kazi.

Jengo lenyewe lilikuwa maktaba mpya ya umma, upande wa Kaptembwo: chumba cha kusomea, chumba cha watoto na ukumbi wa mikutano. Watu wa Nakuru hatufundishwi vumbi ni nini. Kiangazi kikikaza na upepo ukianza, unapanguza meza, na kabla hujasuuza kitambaa unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ukifagia, vumbi linapanda juu, linakungoja umalize, kisha linarudi kukaa palepale kama mwenye nyumba. Sasa weka vitabu humo, weka watoto wenye vifua vibovu, weka akina mama wa usafi wanaolimeza kutwa. Kamati iliyosimamia ujenzi ikaona ijaribu kitu kipya. Mota moja kubwa ingefungwa kwenye stoo ya nyuma, paipu zitoke hapo zipite ndani ya kuta, na kila chumba kiwe na tundu lenye kifuniko karibu na sakafu. Mwenye kusafisha anakuja na mpira mrefu tu, kama ule wa kumwagilia bustani, anauchomeka kwenye tundu, mota inanguruma kule mbali, na vumbi linavutwa ndani ya ukuta hadi kwenye pipa la stoo. Halipandi wala halirudi. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka sana. Nilisema nyumba inayovuta vumbi itamaliza vumbi, kisha ituvute na sisi.

Jepkemei hakucheka nami. Si mtu wa kucheka ovyo, na si mnyenyekevu pia, nisije nikakudanganya. Anaijua kazi yake na anajua kwamba anaijua. Alizaliwa juu kule Rongai, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla familia hazijagawana ardhi na kubakisha ng'ombe wa maziwa kuwa wa ushirika. Baba yake, mzee Kibii, ndiye aliyetunza mashine ya kukamua. Watoto wengine walipokuwa wakifukuzana na mipira ya karatasi, huyu alikuwa akichomeka kidole gumba kwenye vikombe vya kukamulia aone vitamvuta kiasi gani. Baba alimfunza kusikiliza: mashine ikivuta vizuri ina sauti yake, ikivuja hewa ina nyingine, ikizibwa ina nyingine tena. Baadaye alisomea mabomba ya maji kwenye chuo cha ufundi hapa mjini, akahangaika na sinki zilizoziba na matangi yaliyopasuka, mpaka siku mama mmoja wa Milimani aliyerudi kutoka ng'ambo alipofungua kasha lake la mashine ya kuvuta vumbi ya ukutani kama hii yetu na kukosa mtu wa kuifunga. Mafundi walikuja, wakaitazama, wakaenda zao. Jepkemei aliiwasha, akaweka kiganja kwenye mdomo wake, akasema, "Hii naijua. Hii ni ile ya ng'ombe."

Alifunga hiyo, akafunga ya jirani, akafunga na nyingine. Ila hizo ni nyumba za watu, na geti likishafungwa nani ataona? Maktaba ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza mbele ya macho ya umma, na ya kwanza kubeba jina lake peke yake.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Muiruri, mwalimu mkuu mstaafu, alimweleza wazi mbele yetu sote. Muiruri si mtu mbaya. Ni mtu wa haki, na wakati mwingine mtu wa haki huuma zaidi.

"Jepkemei, nusu ya kamati inasema tununue fagio tumalize hii maneno. Mimi nimewaomba wangoje. Wiki ya mwisho kabla tufungue, jengo itasafishwa na hii mashine. Ikifanya, kituo kipya cha afya huko Bahati ndio inafuata, na zingine nyuma yake. Ikikataa, Owino ataziba hizo shimo na simiti, na sioni ofisi yenye itakuita tena. Sikutishi. Nakuambia vile iko."

"Iko sawa, mwalimu," Jepkemei alijibu. Lakini nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali, na havikuwa na kitu.

Tulifanya kazi, na nakiri nilimpenda huyo binti kwa kazi yake. Kila paipu aliyoikata aliisugua mdomo kwa ndani mpaka ukawa laini, akisema unywele mmoja ukishikwa hapo utaita wenzake. Alinipisha nipige plasta, nami nikampisha alaze paipu. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa mabomba uzeeni. Niliwaambia wanyamaze, wakaendelea.

Siku ya kujaribu, alichukua majivu ya jiko la mama chai, aliyetupikia pale mjengoni, akayamwaga kwenye sakafu ya ukumbi. Kisha akamwita Mama Lewis. Jina lake halisi ni Mugure, lakini hakuna anayelitumia. Yeye ndiye mkubwa wa akina mama wa usafi, na amefagia ofisi za serikali tangu Lewis akiwa mgongoni. Kifua chake hupiga mluzi akipanda ngazi. Alishika mpira kwa mikono miwili, mota ikanguruma stoo, na majivu yakatoweka. Hakuna kilichopanda. Mama Lewis akasimama akingoja kukohoa, maana ndivyo alivyozoea kila amalizapo chumba. Kikohozi hakikuja. Akatutazama mmoja mmoja, macho yakiwa yamemjaa machozi.

"Kumbe miaka yote nimekuwa nikiikula," alisema.

Tuliisifu mashine hiyo mpaka tukapitiliza, na waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakukosea. Katikati ya ile wiki ya mwisho ilikataa. Ukumbini ilivuta vizuri, lakini chumba cha watoto na cha kusomea kilichokuwa mbele yake vilikuwa hoi. Ukiweka karatasi kwenye tundu inatingishika tu kama mtu asiyetaka kuamka. Mwalimu Muiruri alipita, akaweka kiganja chake, akakiondoa. Alipofika mlangoni ndipo aliposema.

"Ijumaa mchana nakuja na kamati yote. Owino, weka simiti karibu."

Nikaiweka, kazi ni kazi. Habari ilifika Kaptembwo kabla yetu, watu wakawa wanatuuliza njiani kama ni kweli ukuta wetu umeshiba. Na Ngigi, mwanakamati mmoja aliyetaka fagio tangu mwanzo, alileta fagio mpya kabisa akazisimamisha kando ya mlango, zingali na lebo. Jepkemei alizipita kila alipoingia na kutoka. Sijui alizipitaje bila kuzipiga teke, mimi ningezipiga.

Nilimfuata na patasi na nyundo. Moyo uliniuma, plasta ile ndiyo kwanza ilikuwa imepakwa rangi. "Niambie tu nivunje wapi tumalize," nikamwambia.

"Hakuna kuvunja, mzee. Nenda chumba ya watoto. Ukiniskia nikisema funga, weka mkono kwa shimo. Nikisema fungua, toa."

Alikaa stoo, mlango wazi, kichwa kimeinamia mota, akisikiliza sauti yake ikibadilika. Funga, fungua, funga, fungua, tukazunguka jengo zima hivyo, mimi nikitambaa sakafuni kama mtoto na magoti yangu haya. Mwishowe alikuja akagonga ukuta kwa kidole, nyuma ya rafu ya vitabu vya watoto, mahali paipu inapokata kona.

"Iko hapa. Kitu imekaa hapa."

"Kitu gani?"

Hilo hakulijua. Akaenda kufungua pipa la stoo, na ndani yake hakukuwa na unga mkavu tuliotarajia. Kulikuwa na mabonge, kama ya shamba lililolimwa baada ya mvua. Akalivunja moja kwa vidole.

"Vumbi yangu imeoga," alisema. "Mzee Owino, hii nyumba inavuja?"

Nilimwambia achunge mdomo wake, nyumba niliyojenga mimi haivuji. Lakini alikuwa ameshaondoka, kwenda kumtafuta Mama Lewis.

"Mathe, nisaidie kitu. Safisha tu vile huwa unasafisha kila siku. Jifanye mimi siko."

Mama Lewis hakuwa na neno. Aliingia chumba cha watoto, akaweka beseni lake la maji chini, akachovya vidole na kuyarusha maji sakafuni, kulia na kushoto, taratibu, kwa mkono uliozoea, mpaka vumbi likatulia. Kisha akachomeka mpira ukutani.

Sasa niambie, nani kati yetu angeona ajabu? Kutoka Naivasha mpaka Molo, msichana anayefagia bila kunyunyiza maji huulizwa kama kwao hakuna mama. Maji ndiyo adabu ya ufagio. Unayarusha ili vumbi lisimpandie jirani, mgeni wala chakula. Mama Lewis alianza kufanya hivyo kabla hajajua kuandika jina lake, na hakuna aliyewahi kumwambia aache. Mashine ilikuwa ikimeza tope siku baada ya siku, na tope likafika kwenye kona likakauka pale.

Jepkemei alijifunika mdomo kwa kiganja. "Hata mimi kwangu hufanya hivyo," alisema. "Kila asubuhi. Milimani ni zulia kila mahali, na zulia hakuna mtu huimwagia maji. Sikufikiria. Wacha nikuambie ukweli, mathe, sikufikiria kabisa."

Mama Lewis alielewa, mpira ukamtoka mkononi. Akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto. "Ni mimi nimeua mashine? Jepkemei, si watanifuta? Mimi ndio nalipia Lewis shule."

"Haijakufa. Imekula tope tu. Hata ng'ombe hukula vitu, na hatuchinji."

Kilichofuata nitakisimulia mpaka nizikwe. Alifunga matundu yote ya jengo isipokuwa lile la chumba cha watoto, akaiacha mota ivute kutwa, ili hewa yote ipite kwenye kijinafasi kilichobaki na kulikausha lile tope. Ijumaa asubuhi akanijia. "Sasa ukuta ni wako, mzee." Nikavua koti. Naijua plasta yangu, wapi ni nene na wapi ni nyembamba. Nikafunga kitambaa kwenye mpini wa nyundo, nikaanza kuigonga ile kona polepole, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni ili acheue. Ndani kukaanza kuporomoka. Wakati huo Jepkemei alikuwa amekata donge la sponji kutoka kwenye godoro kuukuu, duara, nene kidogo kuliko paipu. Kule Rongai, alisema, wakimaliza kukamua huingiza sponji kama hiyo kwenye bomba la maziwa, mashine inaivuta hadi mwisho, na inatoka na kila kitu.

Akaisukuma ndani ya tundu. Sauti ya mota ikashuka, ikawa nzito, ikawa ya kugugumia. Mama Lewis alikuwa akiomba kwa Kikuyu, na mimi, ambaye kanisa hunijua kwa harusi na matanga tu, nilisema amina. Sauti ikazidi kushuka, halafu ikapanda ghafla, na kule stoo tukasikia kishindo ndani ya pipa. Jepkemei aliweka kiganja kwenye tundu kikanaswa mpaka akalazimika kukivuta. Furaha niliyoipata sikuipata hata siku nilipoezeka nyumba yangu.

Kamati ilifika mchana. Mwalimu Muiruri hakutaka maelezo. Alitoka mwenyewe na karai, akachota udongo barabarani, akaumwaga katikati ya chumba cha watoto. Mama Lewis akashika mpira, bila beseni, sakafu kavu. Udongo ukaenda wote. Wanakamati wakapiga makofi, ila Ngigi ambaye alikuwa akitazama fagio zake.

"Vizuri," alisema Muiruri. "Lakini juzi ilikataa. Kabla nipeleke hii kitu Bahati, nataka kujua nani aliiharibu. Ni mashine, ama ni mtu?"

Ngigi akaitikia, "Hiyo ndio swali."

Nilimtazama Jepkemei. Neno moja tu lingemtosha. Angetaja jina la Mama Lewis, mashine ingekuwa safi, fundi angekuwa safi, na Bahati ingekuwa mkononi. Mama Lewis naye angemwaga unga siku hiyo hiyo, na mama wa umri wake anafutwa kazi akaanzie wapi tena? Hata Mama Lewis mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa akilisubiri jina lake.

"Ni mimi, mwalimu," Jepkemei alisema. "Paipu niliweka sawa. Watu ndio sikuwafunza. Fundi akifunga kitu na wenye kuitumia hawajui vile inatumika, huyo fundi hajamaliza kazi."

Ngigi alianza kutabasamu. Muiruri alivua miwani, na alipovua miwani shuleni kwake, nasikia, hata walimu walikuwa wakikaa chini.

"Mwalimu, huyu msichana asinibebe." Alikuwa Mama Lewis. Alisonga mbele. "Maji ni yangu. Mimi ndio nilikuwa nikinyunyiza kabla nifungulie mashine. Imekuwa tope. Na kabla unifute, niambie wewe, mwalimu: kwenu mnafagia aje?"

Mwanakamati mmoja mama, huko nyuma, akashindwa kujizuia akacheka, na mwingine akafuata. Muiruri alirudisha miwani yake taratibu.

"Kwetu," alisema, "ungefagia bila maji, mama angekupatia hiyo fagio kwa mgongo." Hata yeye uso ulikuwa umelegea. Akamgeukia Jepkemei. "Na huko Bahati si watanyunyiza pia?"

"Watanyunyiza. Ndio maana siendi peke yangu. Kabla mota iwashwe, Mama Lewis atakaa na wale wa kusafisha, awaonyeshe, waulize, washike. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama yeye haendi, mwalimu, hata mimi siendi."

Hivyo ndivyo alivyosema, mbele ya kamati nzima, mtu ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa akining'inia. Nilitamani kumziba mdomo. Muiruri aliwatazama wenzake, wakatikisa vichwa kukubali mmoja baada ya mwingine, na Ngigi naye mwisho, shingo upande.

"Basi Bahati ni yenu wawili," alisema Muiruri. "Owino, hiyo simiti tafutia kazi ingine."

Jepkemei alishukuru kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa saa. Akasema anaenda kumwaga pipa. Akatembea polepole hadi stoo, na tukasikia mlango ukifungwa. Mama chai akaanza kugawa vikombe, matundu yote ya ukutani yakiwa bado wazi baada ya majaribio, mota imezimwa. Kule stoo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameondoa pipa, na mdomo wa paipu kuu ulikuwa wazi mbele ya uso wake.

Kwanza kuta zilivuta pumzi. Kisha zikapiga ukelele. Ulitoka chumba cha watoto, ukatoka chumba cha kusomea, ukatoka ukumbini, kutoka kila tundu kwa wakati mmoja, sauti ya mwanamke anayedhani yuko peke yake duniani: "Nimeweza. Woi, nimeweza. Mimi Jepkemei, nimeweza." Kisha kicheko, kisha kilio kidogo, kisha kicheko tena. Ngigi alimwagikiwa na chai. Mama Lewis aliweka kikombe chini na kupiga vigelegele vya kujibu, kifua chake kile kile, bila kukohoa.

Mwalimu Muiruri aliinama, akapiga goti moja sakafuni, akaisogeza tai yake kando na kuweka mdomo kwenye tundu.

"Fundi," akasema, "tumekusikia sote. Kuja unywe chai."